Mwongozo kwa Anayetaka Kuongoza Soka ya Taifa

Ndugu mwaniaji, jambo la kwanza unalopaswa kusahau ni mpira wenyewe. Sahau uwanja, sahau jukwaa la mashabiki, sahau watoto wanaopiga danadana Dandora na Likoni mpaka giza liingie. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kura. Wenye kura ni wajumbe, na wajumbe wa mkutano mkuu wa shirikisho la taifa huwa wachache. Oktoba 2020, Nick Mwendwa aliporudi madarakani katika Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, alipata kura 77 kati ya 85. Nchi ina watu zaidi ya milioni 45, na wengi wao wana maoni makali kuhusu timu ya taifa, Harambee Stars, lakini ukumbi wa uchaguzi ulihitaji viti themanini na vitano tu.

Nauandika mwongozo huu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiuliza kwa nini viongozi wetu wa soka wanashindwa. Hawashindwi. Wanafaulu sana katika kazi waliyojipa, nayo ni kazi ya kubaki kitini. Kazi hiyo ina kanuni zake, zimejaribiwa Nairobi, Dar es Salaam, Accra na Cairo, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza. Nitakupa kanuni hizo. Kwa kila moja nitakuonyesha pia anayelipa, ili usije ukasema hukujua.

Basi anza na wajumbe. Mjumbe wako ni mwenyekiti wa tawi la kaunti au afisa wa klabu. Mjue kwa jina, mjue mkewe, jua mwanawe yuko kidato cha ngapi. Mtu huyu anaendesha ligi ya daraja la chini isiyo na mdhamini, anakopa nauli ya waamuzi, anachora mistari ya uwanja kwa chokaa aliyoinunua mwenyewe. Miaka mitatu hakuna aliyempigia simu kutoka makao makuu. Mwaka wa nne, simu inaanza kulia. Mipira kumi na seti mbili za jezi zinafika wiki chache kabla ya kura, anaalikwa semina mjini, analala hotelini, anapewa posho ya siku tatu, na kwa mara ya kwanza rais wa shirikisho anamwita "mzee wangu". Usimdharau anapokupigia kura. Ningekuwa mimi ningejaribiwa pia, na lawama ya kweli namwekea yule aliyemwacha akauke miaka mitatu akijua vizuri kwamba mtu mkavu hununuliwa kwa bei ndogo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha ngazi zote za juu. FIFA ina wanachama 211, na kila nchi ina kura moja, iwe Brazil au kisiwa chenye watu wachache kuliko Kibera. João Havelange aliligundua hilo mapema: alizunguka Afrika na Asia akitafuta kura, akamwangusha Mwingereza Stanley Rous mwaka 1974, akatawala mpaka 1998. Issa Hayatou wa Cameroon aliishika CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuanzia 1988 hadi Machi 2017, miaka 29, mpaka siku Ahmad Ahmad wa Madagascar alipomshinda kwa kura 34 kwa 20 mjini Addis Ababa. Kura ya nchi ndogo iliyotendewa wema ina uzito ule ule wa kura ya bingwa, na wema huo hugharimiwa na pesa ambayo ingejenga viwanja.

Kuna njia iliyo bora kuliko kushinda uchaguzi, nayo ni kuhakikisha hakuna uchaguzi. Tanzania imetuonyesha. Wallace Karia alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo kwa ushindani Dodoma mwaka 2017, lakini mwaka 2021 jijini Tanga alikuwa mgombea pekee, na 2025, Tanga tena, alikuwa mgombea pekee. Hakuna aliyelazimika kuchezea sanduku la kura. Kanuni zinamtaka mwaniaji apate udhamini wa wanachama wale wale watakaopiga kura, na aliyeko madarakani ndiye anayewajua wote, anayewatumia ruzuku, anayewaita semina. Wapinzani wanaishia kwenye karatasi za maombi. CAF nayo, Machi 2021 mjini Rabat, ilimpata Patrice Motsepe bila kura kupigwa dhidi yake: wapinzani watatu walijiondoa, wawili wakawa makamu wa rais na wa tatu akawa mshauri. Unaweza kuuita huo umoja. Mimi nauita mlango uliofungwa, kwa sababu aliyepita bila kupingwa hajawahi kulazimika kusimama mbele ya watu na kueleza pesa ilikwenda wapi.

Sasa tufike kwenye silaha yako kubwa, na hapa nataka usome polepole.

Sheria za FIFA zinakataza serikali au mtu mwingine wa nje kuingilia uendeshaji wa chama cha nchi. Asili ya kanuni hiyo ni njema. Bila hiyo, kila waziri mpya angeteua kocha, kila jenerali angepanga kikosi, na bara letu limewahi kuona watawala wakiishika timu ya taifa kama mali yao. Lakini wewe, ndugu mwaniaji, usiitumie kanuni hiyo kuilinda timu. Itumie kujilinda wewe. Serikali ikiuliza hesabu, sema "FIFA". Bunge likikuita, sema "FIFA". Mahakama ikitoa amri, andika barua Zürich, makao makuu ya FIFA, kabla wino wa amri haujakauka.

Kenya inaijua silaha hii kwa makovu. Ilifungiwa na FIFA 2004, ikafungiwa tena 2006. Novemba 2021, baada ya ukaguzi wa Msajili wa Michezo kuibua maswali kuhusu matumizi ya fedha za umma, Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliivunja kamati ya FKF na kuteua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Mwendwa alikamatwa na kufikishwa mahakamani, ingawa hakupatikana na hatia. FIFA iliitaka serikali iurudishe uongozi wa shirikisho ofisini, serikali ikakataa, na tarehe 24 Februari 2022 Kenya ikafungiwa.

Angalia aliyelipa. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, ilikuwa imefika raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2022. Walibakiza mechi mbili tu, nyumbani na ugenini, dhidi ya Uganda. Wasichana walikuwa kambini. Kisha, hata kabla ya adhabu hiyo, ikaandikwa barua kwa CAF kuiondoa Kenya, na haikuandikwa na serikali. Iliandikwa na uongozi wa shirikisho uliofungiwa ofisi, kwa hoja kwamba hauwezi kuiandaa timu. Crested Cranes wa Uganda walikwenda Morocco bila kugusa mpira. Sikumbuki mechi ya Kenya iliyoniuma kama hiyo ambayo haikuchezwa. Mchezaji wa kike wa nchi hii hana ligi inayomlipa mshahara wa kuishi, hana mkataba wa viatu, hana wakala anayempigia simu kutoka Sweden mpaka aonekane katika mashindano makubwa. Mashindano makubwa huja kila baada ya miaka miwili. Ukimnyima moja, umemnyima labda nafasi yake yote.

Wanaume nao walipoteza. Kenya ilikuwa imepangwa kundi moja na Cameroon, Namibia na Burundi katika kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, ya 2023, lakini ikaondolewa, na kundi likabaki na timu tatu. Klabu zetu hazikuweza kucheza mashindano ya CAF. Waamuzi wetu wenye beji za FIFA walikaa nyumbani. Tarehe 28 Novemba 2022 adhabu iliondolewa, na uongozi uleule wa shirikisho ukarudi ofisini. Waziri hakupoteza kazi kwa sababu ya soka, rais wa shirikisho alirudi kwenye kiti chake, na viongozi wa FIFA waliendelea na mikutano yao. Mwaka mzima ulilipwa na vijana.

Ndiyo maana nasema silaha hii inafanya kazi pande zote mbili. Waziri naye hupenda kuvunja kamati mbele ya kamera, kwa sababu ni rahisi kuliko kumpeleka mkaguzi kimya kimya, kukusanya ushahidi unaosimama mahakamani, na kumwachia hakimu. Ukipata waziri wa namna hiyo, ndugu mwaniaji, mshukuru Mungu. Amekugeuza mhanga, na maswali ya hesabu yatasahaulika.

Kuhusu makocha, kanuni ni fupi: ajiri kwa sherehe, fukuza kwa ghafla, acha deni. Adel Amrouche alifutwa kazi Kenya Agosti 2014, baada ya Harambee Stars kutolewa na Lesotho katika kufuzu AFCON. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha, akaenda FIFA na kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mwishowe Kenya ikadaiwa zaidi ya shilingi milioni 100. Deni hilo lilivuka utawala mmoja likaingia mwingine, mpaka FIFA ikatishia kuinyima nchi mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Zimbabwe haikubahatika hata kutishiwa tu. Machi 2015 iliondolewa kabisa katika kufuzu Kombe la Dunia la 2018 kwa kutomlipa kocha wake Mbrazili, José Claudinei Georgini. Kizazi kizima cha wachezaji wa Zimbabwe kilipoteza Kombe la Dunia kabla ya kupiga teke la kwanza, kwa sababu ya mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutia saini. Aliyeutia saini hulipa kwa nadra, maana siku bili inapofika huwa ameshaondoka ofisini au amesahau.

Pesa ni mlango mwingine, na hapa ningependa ujifunze jinsi mifereji inavyotiririka. FIFA, kupitia mpango wake wa Forward, imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila chama cha nchi kwa kipindi cha 2023 hadi 2026: sehemu ya uendeshaji, sehemu ya miradi kama viwanja na vituo. Serikali nayo, kwa Kenya kupitia Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, hulipa tiketi za ndege, hoteli na posho za timu ya taifa. Kwa hiyo kuna walipaji wawili na mpokeaji mmoja. Timu ikikosa posho, utasema serikali haijatoa. Serikali itasema imetoa, shirikisho halijaleta hesabu. Mchezaji aliyeko hotelini Yaoundé anaambiwa asubiri, na hatajua kamwe nani alimdanganya. Ukitaka kudumu, usiache mstari kati ya mifuko hiyo miwili uonekane. Ukitaka kuwa mtu mwema, chapisha hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, mstari kwa mstari, mahali ambapo mwandishi wa habari na mama wa mchezaji wanaweza kuzisoma. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya Zürich wala ya waziri.

Ghana ilitufundisha mwisho wa kutoaminiana. Katika Kombe la Dunia la 2014, wachezaji wa timu yake ya taifa, Black Stars, walikataa kuamini ahadi yoyote ya viongozi wao, na serikali ikalazimika kusafirisha dola milioni 3 taslimu kwa ndege hadi Brazil. Dunia ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wachezaji wale walikuwa wamehesabu sawasawa: noti iliyo mkononi ilikuwa ndiyo ahadi pekee waliyoweza kuisadiki. Miaka minne baadaye, Juni 2018, filamu ya mwandishi Anas Aremeyaw Anas ilimwonyesha rais wa chama cha soka cha Ghana, Kwesi Nyantakyi, akipokea dola 65,000 kutoka kwa mtu aliyejifanya mwekezaji. Alikuwa ameongoza tangu 2005. Alijiuzulu, na FIFA ikamfungia maisha, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa miaka 15. Watu wengi wanakumbuka ile pesa kwenye mfuko. Mimi naikumbuka ligi ya Ghana iliyosimama baada ya hapo, na wachezaji wa Kumasi na Accra waliokaa miezi bila mechi.

Kuomba kuandaa mashindano nako kuna faida yake: kunaleta safari nyingi, na uwanja usipokamilika utailaumu serikali. Kenya ilipewa AFCON ya 1996, ikashindwa kujiandaa, na Afrika Kusini ikaandaa na kutwaa kombe. Ilipewa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ya 2018, ikanyang'anywa Septemba 2017, na Morocco ikaandaa na kutwaa kombe. Mwaka 2024 hali ilifika pabaya zaidi. Viwanja vyetu havikukidhi viwango, na Harambee Stars ikawa inacheza mechi zake za nyumbani nje ya nchi: dhidi ya Burundi na Ivory Coast ilicheza Lilongwe, Malawi, na dhidi ya Cameroon ilicheza Kampala. Shabiki wa Umoja au Kangemi jijini Nairobi aliyetaka kumwona mshambuliaji Michael Olunga nyumbani alihitaji pasipoti.

Na bado nchi hii inatoa wachezaji. Hili ndilo linalonifanya nikasirike badala ya kukata tamaa. Mwaka huo huo wa 2024, Junior Starlets, wasichana wasiozidi miaka 17 chini ya kocha Mildred Cheche, waliifunga Burundi na kuwa timu ya kwanza ya Kenya, ya wanaume au wanawake, kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakapigwa mechi mbili za kwanza, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari. Walifundishwa na walimu wa michezo waliokuwa wakitafuta nauli ya mashindano ya kaunti kwa michango. Agosti 2025, CHAN ilipokuja hatimaye Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, Kasarani ilijaa. Kikosi cha Benni McCarthy, kilichoundwa na wachezaji wa ligi ya nyumbani, kiliifunga DRC, kikatoka sare na Angola, kikaifunga Morocco 1-0 kikiwa pungufu, kikaifunga Zambia, kikatolewa na Madagascar kwa penalti tu. Vijana hao hao hutoka katika ligi ambamo mshahara unachelewa miezi na mwamuzi anadai posho ya msimu uliopita. Wakishinda, ndugu mwaniaji, mwongozo unasema simama katikati ya picha. Ninakusihi usimame pembeni.

Imebaki sehemu ya kazi ambayo wengi hawaiandai, nayo ni kuondoka. Katiba ikikuzuia kuwania muhula wa tatu, tafuta mlango wa pembeni. Desemba 2024, Mwendwa, aliyemaliza mihula miwili, aliingia kinyang'anyironi kama mgombea mwenza wa aliyekuwa naibu wake, Doris Petra. Wajumbe waliwakataa na kumchagua Hussein Mohammed pamoja na McDonald Mariga, mchezaji wa zamani wa Inter Milan. Niliifurahia siku ile, na nilikuwa na sababu. Wajumbe wale wachache walionyesha kwamba bahasha na semina hazitoshi kila mara.

Lakini furaha ile naishika kwa tahadhari, na sababu yake iko Dar es Salaam. Leodegar Tenga, nahodha wa timu ya taifa, Taifa Stars, iliyocheza AFCON ya 1980 Lagos, alichukua uongozi wa soka ya Tanzania Desemba 2004, wakati chama kilikuwa kimechoshwa na migogoro isiyokwisha. Chini yake wafadhili walirudi na ofisi ikapata heshima. Oktoba 2013 hakugombea tena. Aliondoka kwa miguu yake, jambo ambalo katika ukanda wetu ni nadra kiasi kwamba linapaswa kufundishwa. Mrithi wake, Jamal Malinzi, alifikishwa mahakama ya Kisutu Juni 2017 akiwa bado rais wa shirikisho. Mtu mmoja mwema alikuwa ameinua ofisi, lakini mkutano uliomchagua mrithi wake ulikuwa wa aina ile ile, wenye ukubwa ule ule, unaokutana kwa namna ile ile.

Kwa hiyo, kabla AFCON ya 2027 haijafika Kenya, Tanzania na Uganda, ningetaka katiba za mashirikisho haya zifunguliwe. Wachezaji waongezewe kura, wanaume na wanawake kwa idadi sawa. Makocha waongezewe. Waamuzi waongezewe, na wasiitwe ukumbini kabla hawajalipwa posho zao za msimu uliopita. Mwenyekiti wa tawi apate ruzuku yake kila robo mwaka kwa kanuni iliyoandikwa, ili simu ya rais wa shirikisho mwaka wa uchaguzi isiwe na thamani yoyote kwake. Na wewe ndugu mwaniaji, kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka kazi hiyo, nenda kwanza kwenye mechi ya ligi ya wanawake siku ya Jumatano saa nane mchana, lipa kiingilio, ukae mpaka mwisho, halafu umuulize nahodha amelipwa lini mara ya mwisho.